Sikusema Uongo Wowote

Masomo: Mwanzo 20:1-13, 1 Samweli 16:1-5, Matendo 5:1-11

Jumapili iliyopita, baada ya mahubiri juu ya Anania na Safira, kijana mmoja wa kwaya alinisimamisha mlangoni akaniuliza: "Pasta, na kama mtu hajasema uongo, ila amewaacha watu waamini uongo, hiyo nayo ni dhambi?" Nilimjibu haraka kwa sababu kulikuwa na laini ya watu wanaongoja kusalimia. Nikasema ndiyo, nikamshika bega, nikaendelea na mama aliyefuata.

Wiki nzima swali hilo limenikalia. Mimi mwenyewe nimewahi kufanya kitu kama hicho, na wakati nilipokifanya nilikuwa na majibu mazuri sana ya kwa nini si dhambi. Kwa hivyo leo naomba nimjibu tena, pole pole, na nyinyi mkisikiliza.

Miaka ile nilikuwa Minneapolis, jimbo la Minnesota, kule Marekani. Nilikuwa nimemaliza digrii ya biashara nikapata kazi ya kushughulikia hesabu katika nyumba moja ya kutunza wazee. Wakenya ni wengi Minnesota, na wengi wanazijua hizo nyumba vizuri, maana ndiyo kazi inayokulipia kodi ukiwa mgeni. Sikuwa na gari. Nilikuwa na baiskeli ya mtumba, nzito, yenye gia tatu ambazo mbili ndizo zilikuwa zinafanya kazi.

Mtu wa huku akisikia watu wanaendesha baiskeli kwenye theluji anafikiri ni wazimu. Mimi pia nilifikiri hivyo mwaka wa kwanza. Lakini ukikaa huko unaona ni jambo la kujifunza tu, kama kuendesha kwenye matope ya Aprili. Kuna miji, kwa mfano Oulu kule Finland, ambako watoto wengi huenda shule kwa baiskeli hata msimu wa theluji. Minneapolis wana njia inaitwa Midtown Greenway, karibu kilomita 9, iliyotengenezwa ndani ya mtaro wa zamani wa reli. Inapita sambamba na barabara ya Lake Street, lakini chini, madaraja yakiwa juu yako, na theluji ikianguka mashine zinapita kuisukuma kando. Mwili wenyewe haukusumbui sana. Ukikanyaga pedali dakika kumi unaanza hata kutoa jasho. Shida ni vidole, uso na masikio. Magurudumu ukipenda unaweka yale yenye vyuma vidogo kama misumari, yanang'ang'ania barafu. Mimi sikuwa na hayo. Nilikuwa na maombi na breki za nyuma.

Novemba ya 2018 sisi wafanyakazi wanane tuliokuwa tukija kazini kwa baiskeli tulianzisha shindano la kirafiki. Karatasi ilibandikwa jikoni karibu na friji, majina yetu kwa upande, tarehe juu, kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari. Ukija kwa baiskeli unaweka alama kwenye kisanduku chako. Ukija kwa njia nyingine unaacha wazi. Hakuna wa kukagua. Zawadi ilikuwa kikombe cha chai ambacho mkono wake ulivunjika ukabandikwa na gundi. Hicho kikombe tu.

Siwezi kuwaeleza jinsi nilivyokitaka hicho kikombe. Nilikuwa Mwafrika pekee kwenye karatasi ile. Kila asubuhi nikiingia, boshori imejaa barafu, mtu alikuwa anasema, "Hata leo?" Na mimi nilikuwa napenda hiyo "hata leo" kuliko mshahara. Mshindani wangu wa karibu alikuwa kijana mpishi, mzaliwa wa huko, mcheshi, hana maneno mengi. Kufikia wiki ya mwisho ya Januari tulikuwa sawa, alama kwa alama.

Halafu ikaja Jumatano, Januari 30, 2019. Hewa ya baridi ya kaskazini ilikuwa imeshuka mpaka katikati ya Marekani. Asubuhi hiyo Minneapolis ilifika digrii 33 chini ya sifuri, na ukiongeza upepo mwili ulihisi kama digrii 45 chini na zaidi. Shule zilifungwa. Posta ya Marekani yenyewe, watu wanaojulikana kwa kupeleka barua hata theluji ikianguka, walisimamisha kazi hiyo Minnesota. Lakini nyumba ya wazee haifungwi. Wazee wanaamka, wanataka uji, na mtu lazima afike.

Nilitoka na baiskeli yangu. Nilienda kama mita 200. Nywele za puani ziliganda. Grisi ya cheni ilikuwa imekuwa ngumu, pedali zinazunguka kama zimejaa mchanga. Vidole vilianza kuuma, halafu vikaacha kuuma, na hiyo ndiyo hatari. Nilifika kituo cha basi cha Lake Street nikasimama.

Mabasi ya huko yana fremu ya chuma mbele ya kioo. Unaweka baiskeli yako hapo, unaingia ndani kwenye joto, unalipa kama kawaida. Niliiweka nikakaa nyuma ya dereva, na kusema kweli nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Kufikia hapo sikuwa nimekosea kitu. Ningesema tu, "Leo baridi ilinishinda," na hakuna mtu angenicheka. Watano kati ya wanane hawakujaribu hata kutoa baiskeli nje.

Basi hilo lilikuwa linapita moja kwa moja mbele ya nyumba yetu. Mimi nilishuka kituo kimoja kabla. Hakuna aliyenituma. Nilivuta kengele, nikashuka, nikaitoa baiskeli, nikavaa boshori vizuri, nikaendesha ile mitaa mitatu iliyobaki. Niliingia kwa mlango wa jikoni nikiisukuma, na barafu ilikuwa kwenye kope zangu. Barafu ya kweli kabisa.

Watu walipiga makofi. Muuguzi mmoja, mama kutoka Nyamira, alijishika mdomo: "Wewe kijana, mama yako anajua unachofanya?" Mpishi, ambaye siku hiyo aliletwa na dada yake kwa gari, aliniangalia akasema, "Umekuja na hiyo leo?" Nikamjibu, "Si unaiona?"

Nikaenda nikaweka alama yangu.

Sasa tazameni vile nilivyojitetea moyoni, maana nilikuwa wakili mzuri. Kwanza, sikusema neno lolote la uongo. Niliulizwa swali nikajibu kwa swali. Pili, karatasi ilisema "kuja kwa baiskeli", haikusema kutoka wapi, na nilifika kwa baiskeli. Mmoja wetu aliishi mitaa minne tu kutoka kazini na alama zake zilihesabiwa kama zangu. Tatu, wao ndio walioamini kwamba nimetoka nyumbani hivyo, mimi sikuwaambia. Nne, ni mchezo. Ni kikombe kilichovunjika.

Kila moja ya hizo nne ni kweli. Ndiyo maana swali la huyu kijana wa kwaya si dogo.

Shuleni tulifundishwa juu ya benki ya Lehman Brothers, iliyoomba kufilisika Septemba 15, 2008. Mkaguzi aliyeteuliwa na mahakama alitoa ripoti yake mwaka 2010 akaeleza kitu kilichoitwa Repo 105. Benki ilikuwa na madeni mengi mno. Basi ikikaribia mwisho wa robo ya mwaka, wakati hesabu zinatolewa kwa umma, ilikuwa inahamisha mali kwa mpango ambao vitabuni unaitwa mauzo, inatumia zile pesa kupunguza deni, hesabu zinachapishwa zikiwa safi, na siku chache baadaye inairudisha mali ile na deni linarudi. Katikati ya 2008 kiasi kilichofichwa hivyo kilifika kama dola bilioni 50. Walikuwa na barua ya mawakili wa London kwamba chini ya sheria ya Uingereza yanaweza kuitwa mauzo. Mwalimu alipokuwa akieleza niliandika daftarini kwa hasira: wezi. Sikujua kwamba mimi nami siku moja ningeshuka kituo kimoja kabla.

Abrahamu alikuwa na barua yake ya mawakili pia. Alipofika Gerari alisema Sara ni dada yake. Abimeleki alipomwita kwa uchungu na kumuuliza kwa nini umetutenda hivi, Abrahamu alijieleza kwamba kweli ni dada yake, wa baba mmoja, mama tofauti. Ilikuwa kweli! Ukimpeleka kortini unashindwa. Lakini mfalme wa watu alikuwa amechukua uamuzi kwa kutumia hiyo nusu, na nyumba yake yote ilikuwa karibu kuangamia. Inanishangaza kwamba katika sura ile mpagani ndiye anayeongea kama mtu wa Mungu. Na ukigeuza kurasa hadi sura ya 26, Isaka, ambaye wakati huo wa Sara hakuwa hata amezaliwa, yuko Gerari hiyo hiyo anasema Rebeka ni dada yake. Baba alikuwa na nusu ya ukweli. Mtoto hakuwa na hata hiyo nusu.

Sasa rudi kwa Anania, maana hapa ndipo nilipomjibu yule kijana bila kufikiri, na kumbe jibu lilikuwa mbele yangu. Soma Matendo 5 ukitafuta maneno ya Anania. Huyapati. Katika sura ile hajasema neno hata moja. Aliuza shamba, akabakisha kiasi, akaleta kiasi akakiweka miguuni pa mitume, basi. Mke wake ndiye aliyeulizwa bei saa tatu baadaye akaitaja. Anania yeye alifanya kitendo tu, watu wakaona, wakahesabu wenyewe. Na Petro akamwambia kwamba shamba lilikuwa lake, na hata baada ya kuuza pesa zilikuwa mikononi mwake. Hakuna aliyemlazimisha. Angeleta nusu akasema ni nusu, ingekuwa sadaka nzuri. Alitaka kuheshimiwa kwa sadaka ambayo hakuitoa.

Nilipoiona hiyo, ile hoja yangu ya nne ikafa. Nilikuwa nasema ni mchezo, hakuna kilichopotea. Lakini jambo likiwa la hiari namna ile, ndipo uongo unakosa kisingizio kabisa. Mwenye njaa akidanganya kupata mkate, tunamhurumia. Mimi nilidanganya nipate "hata leo".

Lakini nisiwarahisishie. Kuna andiko linalonisumbua na sitaki kulipita. Samweli alipotumwa Bethlehemu kumtia Daudi mafuta, aliogopa kwamba Sauli akisikia atamwua. Na ni Bwana mwenyewe aliyemwambia achukue ndama, aseme amekuja kutoa dhabihu. Ilikuwa kweli, alitoa dhabihu. Lakini si ndiyo sababu kubwa ya safari. Kwa hivyo tukisema kila ukweli usiotimia ni dhambi, tunamshtaki nani? Kuna pia simulizi ya zamani juu ya Athanasio, askofu wa Aleksandria, aliyekuwa akikimbia kwa mashua kwenye mto Nile. Waliomfuata walimkuta bila kumtambua, wakauliza kama Athanasio yuko karibu, naye akawajibu kwamba hayuko mbali, wakapita mbio. Mimi sina neno na Athanasio hapo. Mama akimficha mtoto wake kwa mume mlevi mwenye panga, akamwambia "ametoka", sitamwita madhabahuni atubu.

Basi tofauti iko wapi? Nimefikiri sana, na ninachoweza kusema ni hiki. Sauli hakuwa na haki ya kujua, alitaka kujua ili amwage damu. Samweli alinyamaza kulinda mtu. Hakurudi Rama na sifa ya kitu ambacho hakukifanya. Mimi nilikuwa na watu saba ambao walikubaliana nami juu ya karatasi moja, wakaniamini bila kunikagua. Hao walikuwa na haki. Na kile walichoamini kiliingia mfukoni mwangu kama faida. Kunyamaza ni kitu kimoja, kila mtu ana mambo yake ya kufunika, hata daktari na hata pasta. Lakini kushuka kwenye basi, kuvaa boshori na kupanda baiskeli ili picha ikamilike, huko si kunyamaza. Huko ni kuongea kwa mwili mzima.

Nikiishia hapo mtasema pasta ametusumbua na kikombe. Kesho yake, Alhamisi, baridi ilikuwa karibu ile ile. Mpishi alikuja kwa baiskeli. Kilomita nane, akiwa na glavu za kawaida. Nilikuwa jikoni nikitengeneza chai alipoingia, na hakuweza kufungua kamba ya kofia yake. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vyeupe, vigumu, kama mshumaa. Yule mama wa Nyamira alimkalisha, akaleta maji ya vuguvugu, akamwingiza mkono humo, na kijana yule mcheshi alilia jinsi damu ilivyokuwa inarudi. Alipelekwa hospitali. Vidole havikukatwa, tunamshukuru Mungu, lakini ngozi ilivimba ikatoka, na ncha ya kidole kimoja haikurudisha hisia. Ni mpishi. Anakata vitunguu kwa mkono usiojua kisu kiko wapi.

Aliporudi kazini aliniambia, bila kunilaumu hata kidogo, "Nilijiambia kama Mkenya ameweza jana, mimi niliyezaliwa hapa nitasema nini?"

Nikamwambia pole. Sikumwambia kitu kingine. Februari ikaisha, nikapewa kikombe, wakanipiga picha nacho.

Wapendwa, sisi Wakenya tuna namna yetu ya mambo haya na tunaicheka. "Niko kwa njia," na mtu bado anatafuta soksi. Kweli yuko kwa njia, ni ile njia ya kutoka chumbani hadi bafuni. "Nimetuma," na amejitumia mwenyewe kwenye laini yake nyingine. Najua tunachekesha, nami sitaki kugeuka polisi wa "niko kwa njia". Lakini kuna mtu amesimama stendi na mtoto mgongoni akiamini hayo maneno, ameacha matatu mbili zipite.

Na si nyinyi tu. Ripoti ya mwaka jana ya kanisa letu niliiandika mimi. Ile sehemu ya mahudhurio niliijumlisha kutoka ibada zote mbili. Waimbaji, mashemasi na walimu wa watoto wanakaa ibada zote mbili, kwa hivyo walihesabiwa mara mbili, kila Jumapili, mwaka mzima. Hakuna tarakimu ya uongo pale. Kichwa kinasema "jumla ya mahudhurio", na jumla ni hiyo. Lakini nilijua mtu akisoma ataona kanisa kubwa kuliko hili tunaloliona, na nilijua baadhi yenu mngeahidi pesa za jengo kwa kuangalia nambari hiyo. Mchungaji kiongozi nimemweleza. Amesema nirekebishe na nitangaze, na nambari mpya itasomwa Jumapili hii kabla ya matangazo ya ndoa. Ni ndogo. Aliyeahidi kwa sababu ya ile ya kwanza yuko huru kuja tuongee, na hatutamtazama vibaya.

Mwaka juzi nilimpigia simu yule mpishi. Ilikuwa usiku wangu, asubuhi yake. Nilimweleza lile basi, kile kituo, ile mitaa mitatu. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikafikiri laini imekatika. Kisha akasema, "Ningekuja tu siku hiyo, hata bila wewe. Usijipe ukubwa." Nimeyapima maneno hayo mara nyingi. Huenda ni kweli. Huenda pia aliyasema ili anitue mzigo, na kama ni hivyo basi naye alinitendea kile ambacho nimekuwa nikiwaandikia habari zake hapa, na sijui nimpe jina gani.

Kikombe nilikuwa nimekuja nacho Kenya, kwenye begi, ndani ya soksi. Nilimuuliza kama anataka nikitume. Akasema posta itakivunja, nikitumie tu, na nimpigie Januari nimwambie huku kuna joto kiasi gani.